Ramani mbili za saratani ya tezi dume

Mwaka 1977 ulichapishwa utafiti ambao ungestahili kufahamika zaidi Afrika Mashariki, hata kama ni kwa sababu tu Kampala imo ndani yake. Wataalamu wa patholojia walikusanya tezi dume za wanaume zaidi ya 1,300 waliokufa kwa mambo mengine kabisa. Marehemu hao walitoka sehemu saba: Sweden, Ujerumani, Israel, Jamaica, Singapore, Hong Kong na Uganda. Kila tezi ilikatwa vipande vyembamba na kuwekwa chini ya hadubini.

Walichokuta kiliwashangaza wengi. Vivimbe vidogo vya saratani, vile vilivyotulia bila kumsumbua mwenye navyo, vilikuwepo kwa kiwango kinachokaribiana kote. Mzee wa Kampala na mzee wa Sweden walizikwa navyo bila wao wala jamaa zao kujua. Kilichotofautiana kati ya nchi na nchi ni vile vikubwa, vilivyokwisha kuanza kupenya na kusambaa. Hivyo ndivyo vilivyofuata idadi ya wagonjwa wanaojulikana hospitalini.

Kwa hiyo swali la nchi gani ina saratani nyingi zaidi ya tezi dume ni gumu kuliko linavyosikika. Ukiwachunguza wazee wengi, utapata wagonjwa wengi. Usipowachunguza, utapata wale tu wanaoletwa wakiwa wamebebwa. Takwimu za ugonjwa huu zinapima mambo mawili kwa pamoja, yaani ugonjwa wenyewe na bidii ya kuutafuta, na kuyatenganisha ni kazi.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba mwaka 2022 wanaume wapatao milioni 1.47 duniani waligundulika na ugonjwa huu, na karibu 397,000 walikufa kwao. Ukichora ramani ya wanaogundulika, rangi nzito inaangukia Ulaya ya Kaskazini, Australia, New Zealand, Amerika ya Kaskazini na visiwa vya Karibi. Ukichora ya wanaokufa, Ulaya na Australia zinafifia, na rangi inahamia Karibi na Afrika kusini mwa Sahara. Karibi pekee imo kwenye ramani zote mbili. Kwetu tunahesabu wagonjwa wachache na kuzika wengi, na hilo haliwezi kuelezwa kwa jeni peke yake.

Marekani ndiyo iliyotupa somo kubwa zaidi kuhusu namna kipimo kinavyoweza kuzalisha wagonjwa. Kipimo cha damu cha PSA kinapima protini inayotengenezwa na tezi dume. Kiliidhinishwa huko mwaka 1986 kwa ajili ya kuwafuatilia watu ambao tayari wanajulikana kuwa na saratani, lakini madaktari hawakusubiri. Walianza kukitumia kwa kila mwanaume wa makamo aliyeketi mbele yao, na kufikia mwaka 1992 idadi ya wagonjwa wapya ilikuwa imepaa hadi kileleni. Ugonjwa haukuwa umelipuka. Taa ndiyo iliyowashwa chumbani. Wengi walipasuliwa au kupigwa mionzi kwa ajili ya vivimbe ambavyo visingewaua kamwe, na wakabaki na mkojo unaovuja au nguvu za kiume zilizopotea. Richard Ablin, mwanasayansi ambaye jina lake linahusishwa na ugunduzi wa protini hiyo mwaka 1970, aliandika gazetini mwaka 2010 kulaani matumizi hayo.

Mwaka 2012 jopo la wataalamu linaloishauri serikali ya Marekani lilipendekeza kipimo hicho kisitumike kabisa kuwachunguza watu wasio na dalili. Madaktari wakapunguza. Baada ya muda wagonjwa wanaofika wakiwa wamechelewa wakaanza kuongezeka, na mwaka 2018 jopo likalegeza msimamo: mwanaume wa miaka 55 hadi 69 aamue mwenyewe baada ya kuzungumza na daktari wake, na wa 70 na kuendelea asipimwe.

Ulaya walikwenda kwa utaratibu zaidi, ingawa si wote. Lithuania ilianzisha mpango wa kitaifa wa PSA mwaka 2006, na takwimu zake zikapaa kama za Marekani. Sweden imekuwa ikijenga taratibu mkoa kwa mkoa tangu 2020, ambapo mwanaume mwenye PSA ya juu hupitishwa kwenye picha ya MRI kabla ya kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama. Utafiti mkubwa wa nchi kadhaa za Ulaya umewafuatilia wanaume wake kwa miaka 23, na matokeo ya 2025 yanaonyesha kwamba walioalikwa kupimwa walikufa kwa ugonjwa huu kwa asilimia 13 pungufu kuliko wasioalikwa. Kwa lugha nyepesi, kifo kimoja kilizuiwa kwa kila wanaume 456 walioalikwa. Faida ipo. Si kubwa kama mabango yanavyodai, wala si ndogo ya kupuuzwa.

Uingereza nako wanaume 1,643 waliogundulika mapema waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza walipasuliwa, wa pili walipigwa mionzi, wa tatu wakawa wanafuatiliwa tu kwa vipimo. Baada ya miaka 15, takriban 97 kati ya kila 100 hawakuwa wameuawa na saratani hiyo, kundi lolote walimokuwemo.

Habari hizo zikitua Afrika Mashariki bila maelezo, zinapotosha. Nimemsikia msomi mzima akisema kwenye kijiwe cha kahawa kwamba "hata Wazungu wameacha kupima." Wazungu wanabishana juu ya watu waliogunduliwa mapema mno. Wagonjwa wetu wengi wanafika wakiwa na maumivu ya mgongo na nyonga, saratani imeshaingia kwenye mifupa, na baadhi yao miguu imeanza kupooza kwa sababu uti wa mgongo umebanwa. Kwa Marekani, aliyegunduliwa kabla ugonjwa haujasafiri mbali ana uhakika wa karibu asilimia 100 wa kuwa hai miaka mitano baadaye. Aliyegunduliwa baada ya hapo, ni takriban mmoja kati ya watatu, na hao ni Wamarekani wenye hospitali zote za dunia.

Je, damu yetu nayo imo? Imo. Wanaume weusi wa Marekani hugundulika zaidi kuliko weupe, na hufa kwa zaidi ya mara mbili. Uingereza, mwanaume mmoja kati ya wanane ataupata ugonjwa huu katika maisha yake, lakini kwa weusi ni mmoja kati ya wanne. Kuna vipande vya jeni, hasa katika eneo la kromosomu ya nane, vinavyoongeza hatari na vinavyoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Hata hivyo wanaume weusi wa Marekani pia hukosa bima zaidi na huchelewa zaidi kufika kwa daktari, na nani ataamua jeni liliishia wapi na umaskini ulianzia wapi? Wajapani nao wanatuonya tusitegemee damu kwa kila jibu. Kwao ugonjwa huu ulikuwa nadra, lakini waliohamia Hawaii na California, na watoto wao, walianza kuugua kwa viwango vilivyopanda kuelekea vya wenyeji wao wapya.

Mazingira yana mkono wake, na hakuna mahali linapoonekana hilo kwa uchungu zaidi kuliko Martinique na Guadeloupe. Visiwa hivyo vya Ufaransa vina viwango vya juu vya saratani ya tezi dume ambavyo vimekuwa gumzo kwa miaka. Kuanzia 1972 hadi 1993 mashamba ya migomba yalimwagiwa dawa ya kuua wadudu iitwayo klodekoni. Ufaransa bara iliipiga marufuku mwaka 1990, lakini wenye mashamba visiwani wakaongezewa muda. Sumu hiyo haiozi upesi. Bado imo kwenye udongo, mitoni na kwenye samaki. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya Guadeloupe yaliyoonyesha kwamba waliokuwa na kiwango kikubwa cha sumu hiyo katika damu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuugua. Desemba 2021 serikali ya Ufaransa ilikubali kuihesabu saratani ya tezi dume kama ugonjwa wa kazini kwa wafanyakazi wa mashamba walioshika viuatilifu. Vizazi vya watumwa waliochukuliwa Afrika, vikimwagiwa sumu mashambani, halafu aje mtu aseme ni jeni!

Turudi nyumbani. Kampala ina rejista ya saratani inayotokana na kazi iliyoanza miaka ya 1950, mojawapo ya kongwe zaidi Afrika. Kati ya 1991 na 2010 saratani ya tezi dume katika eneo linalohesabiwa na rejista hiyo iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 kila mwaka. Sehemu ya ongezeko hilo ni taa kuwashwa, kama Marekani. Sehemu nyingine ni umri: ugonjwa huu ni wa wazee, na sasa tunaishi hadi kuzeeka. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya duniani watapanda kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040, na kwamba mzigo mkubwa wa nyongeza utaziangukia nchi za kipato cha chini na cha kati. Hakuna kampeni itakayozuia ongezeko hilo, kwa sababu wanaume hao wamekwisha kuzaliwa.

Kuhusu kidole niseme mara moja tupite. Ni kweli kwamba daktari anaweza kuipapasa tezi dume kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na ni kweli kwamba mzaha juu ya jambo hilo umewafukuza wanaume wengi hospitalini kuliko kidole chenyewe. Uchunguzi huo huchukua muda mfupi kuliko kunyolewa ndevu. Lakini kwa kuanzia, damu inatosha, na anayekwepa hospitali kwa sababu ya kidole amekwepa kitu ambacho pengine asingekutana nacho siku hiyo.

Linalochanganya watu zaidi ni dalili. Kusuasua kwa mkojo, kuamka usiku mara tatu au nne, mkojo kukatikakatika: mara nyingi hizo ni dalili za tezi kutanuka, hali ya kawaida ya uzee isiyo saratani. Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo, na inapotanuka kwa ndani huubana. Saratani, kwa kawaida, huanzia pembeni, upande wa nje wa tezi, mbali na mrija. Inaweza kukua kwa miaka bila kumnyima mtu hata tone la mkojo. Ndiyo maana mtu anayesema "mimi nakojoa vizuri" hajasema lolote kuhusu saratani.

Hapo pia ndipo wauza dawa za asili wanapopatia riziki. Anayetanuka tezi huwa na siku mbaya na siku nafuu, na siku nafuu ikiangukia baada ya chupa, chupa husifiwa. Sizidharau dawa za miti kwa jumla. Gome la mti wa milimani uitwao Prunus africana, unaomea Kilimanjaro, Mlima Kenya, Kameruni na Madagaska, limeuzwa Ulaya kwa miongo kadhaa kutengenezea vidonge vya wazee wenye shida ya mkojo, hadi biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa mwaka 1995 kwa hofu kwamba mti utakwisha. Lakini Wazungu waliutumia mti huo kwa shida ya kutanuka. Kwa saratani, chupa ya stendi hufanya kazi moja tu, nayo ni kupoteza miezi.

Sasa mchukulie mzee wa Nachingwea, fundi seremala wa miaka 67. Mkojo umemziba usiku, tumbo limevimba, vijana wamempakia kwenye bodaboda hadi hospitali. Amewekewa mpira wa mkojo na amepata nafuu. Baada ya siku chache anachukuliwa damu, na majibu yanarudi: PSA 38. Kawaida husemwa isizidi 4.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niambie tu, ni ile yenyewe?"

Daktari kijana hawezi kumjibu, na asimjibu. Namba hiyo imepandishwa na nini? Mpira wenyewe huipandisha. Kuziba kwa mkojo huipandisha. Maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha, tena sana. Tezi iliyotanuka tu huipandisha. Inabidi maambukizi yatibiwe, zipite wiki kadhaa, damu irudiwe. Ikibaki juu, lazima zichukuliwe sampuli za nyama, kwa kawaida kama 12, kwa sindano inayoongozwa na kifaa cha ultrasaundi. Sampuli hizo zisafiri hadi kwenye maabara yenye mtaalamu wa patholojia wa kuzisoma na kuzipa daraja la ukali. Kisha picha za mifupa. Kisha daktari bingwa wa njia ya mkojo. Kila hatua ina foleni yake na nauli yake, na mara nyingi kila moja iko mji mwingine. Basi la alfajiri, ndugu wa kufikia, godoro sebuleni kwa watu ambao nao wana watoto wao wa kulisha.

Mionzi kwa Tanzania ilikuwa kwa miaka mingi ni Dar es Salaam tu, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye majengo ambayo Wajerumani waliyaweka ufukweni mwishoni mwa karne ya 19. Bugando, Mwanza, ikaja kuwapunguzia safari watu wa Kanda ya Ziwa. Kenya imesogeza huduma hiyo nje ya Nairobi, hadi Mombasa, Nakuru na Garissa, na Rwanda ilianza kutoa mionzi Kigali mwaka 2019. Uganda ilionja ubaya wa kutegemea mashine moja: mwaka 2016 mashine ya Mulago iliharibika kabisa, na hadi mwisho wa 2017 nchi nzima haikuwa na mionzi ya umma, waliobahatika walipelekwa Nairobi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipozindua mpango wake wa kusaidia tiba hiyo mwaka 2022, zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na mashine hata moja.

Kwa sababu hiyo nina mashaka na kambi za bure za kupima tezi dume, zile za mahema, fulana na muziki. Sizipingi. Lakini zinapima kile kilicho rahisi kupima. Damu huchukuliwa ya mamia kwa siku moja, picha zinapigwa na mgeni rasmi, kisha wenye namba kubwa wanapewa karatasi ya rufaa ya kwenda mahali ambapo hawana nauli ya kufika. Mwandaaji wa kambi aulizwe kwanza kuhusu sindano za kuchukua kinyama: zitafanyika wapi, lini, kwa fedha za nani, na patholojia itasoma baada ya wiki ngapi. Akiwa na jibu, kambi yake ni huduma. Asipokuwa nalo, anagawa hofu, na mwanaume aliyepewa hofu bila tiba huwa shahidi mbaya kwa wenzake wote wa kijiweni.

Kwa aliyechelewa bado kuna mengi ya kufanya, ingawa magazeti huandika kama vile hakuna. Mwaka 1941, Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, na kwamba ukiikata homoni, hata aliye na maumivu makali ya mifupa anaweza kuinuka kitandani. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Homoni hukatwa kwa njia mbili: kwa sindano inayorudiwa kila mwezi au kila miezi mitatu kwa maisha yote, au kwa upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, unaofanyika mara moja na mgonjwa akarudi nyumbani. Kwa kushusha homoni, zote mbili zinafika palepale. Nchi tajiri zimeuacha upasuaji huo kwa sababu wanaume hawaupendi, na sindano zina mlipaji. Kwetu sindano huanza vizuri, mzee huuza ng'ombe wa kwanza, kisha wa pili, halafu dozi ya tatu hurukwa, homoni hupanda na maumivu hurudi. Madaktari wetu huona hali hiyo kila mara, na bado upasuaji hutajwa kwa kunong'ona, kama matusi. Nadhani mzee ana haki ya kuelezwa njia zote mbili kwa sauti ya kawaida, mkewe akiwepo kama akipenda, na bei zikiwa mezani.

Zipo pia dawa mpya. Abirateroni, vidonge vinavyoongeza muda wa kuishi kwa wale ambao saratani yao imesambaa, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na sasa inatengenezwa na viwanda vingi. Jaribio dogo la Marekani la 2018 lilionyesha kwamba robo ya dozi ikimezwa na chakula hufanya kazi sawa na dozi nzima ikimezwa tumbo tupu. Ni jambo la daktari kuamua, si la mgonjwa kujipunguzia vidonge jikoni, lakini kwa hospitali inayohesabu kila shilingi ni habari kubwa.

Desmond Tutu aligundulika mwaka 1997 na akaishi hadi Desemba 2021. Nelson Mandela alipigwa mionzi mwaka 2001 akiwa na miaka 83, na akafariki mwaka 2013 kwa maradhi ya mapafu. Wote wawili waliusema ugonjwa wao hadharani, jambo ambalo wakubwa wa kwetu hulikwepa, na familia za kawaida huiga. Mzee akifa, matangazo ya msiba husema alisumbuliwa na mgongo, au na mkojo, au "baada ya kuugua kwa muda mrefu."

Ufichaji huo una gharama kwa watoto wa kiume. Mwenye baba au kaka aliyeugua ana hatari ipatayo mara mbili ya mwenzake, zaidi kama ndugu huyo aliugua akiwa bado kijana. Saratani ya matiti kwa mama, shangazi au dada nayo inahusika, kwa sababu hitilafu ya jeni liitwalo BRCA2 hupita kwa wake na waume. Mashirika ya saratani ya Uingereza na Marekani huwashauri wanaume weusi, na wenye historia kama hiyo, waanze kuzungumza na daktari kuhusu PSA kwenye miaka 45 badala ya 50. Karatasi ya patholojia ya mzee, yenye jina la ugonjwa na daraja la ukali wake, kwa kawaida hubaki kwenye mfuko wa nailoni pamoja na risiti na hutupwa baada ya arobaini. Ipigwe picha kwa simu kabla ya hapo, kila mtoto wa kiume abaki na nakala, na siku atakapokwenda kupimwa ampe daktari aisome.